Mke Winnipeg, Makaratasi Kisumu: Kuomba Ukaazi wa Kudumu Kanada Mkiwa Wawili

Mke wangu alisomea shahada ya uzamili ya miaka miwili huko Winnipeg, akamaliza 2023, akapata kazi ya uhasibu na kibali cha kazi cha miaka mitatu wanachopewa waliohitimu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia hapa Kisumu. Ombi la ukaazi wa kudumu lilikuwa kwa jina lake, ila nusu ya faili ilikuwa mikononi mwangu: ndoa, shahada yangu, mtihani wangu wa Kiingereza, vidole vyangu, na maisha yangu ya miaka kumi mwezi kwa mwezi. Kila mahali tulipokwama, tulikwama upande wa Kisumu. Kwa hiyo haya namwandikia aliyebaki nyumbani. Mwenzako aliye ng'ambo ana wanafunzi wenzake wa kumwelekeza. Wewe unapigiwa simu usiku tu na kuambiwa utume karatasi fulani kabla ya Ijumaa.

Njia tuliyopita inaitwa Express Entry, na ndani yake kundi la Canadian Experience Class, yaani watu waliokwisha kufanya kazi Kanada. Mwombaji mkuu anatakiwa awe na angalau mwaka mmoja wa kazi ya ujuzi huko, saa 1,560, ndani ya miaka mitatu kabla ya kuomba. Kazi aliyofanya akiwa bado mwanafunzi wa muda wote haihesabiwi, wala ya kujiajiri. Mke wangu alipotimiza mwaka, tukafungua wasifu kwenye mfumo wao. Mfumo unawapa pointi, mnakaa kwenye foleni, na kila baada ya muda serikali inawaalika wenye pointi za juu. Ukialikwa una siku 60 za kuwasilisha kila kitu. Siku 60 zinaonekana nyingi mpaka ukumbuke kwamba chuo ulichosomea kinaweza kukaa na barua yako miezi minne.

Anzeni na ndoa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tulipoumia.

Sisi tulioana kimila. Nilipeleka ayie, mahari ya mwanzo ya Kiluo, kwao Seme mwaka 2019, ng'ombe wakafuata, wazee wakala na kubariki. Machoni pa watu wetu hakuna kilichobaki. Lakini afisa wa uhamiaji wa Kanada hajui ayie ni nini, anataka cheti. Sheria ya Ndoa ya 2014 hapa kwetu inataka ndoa ya kimila iandikishwe kama ya kanisani au ya serikali, na ili msajili awape cheti lazima mfike mbele yake nyote wawili. Mke wangu aliondoka Septemba 2021 hatujaandikisha. Tuliona ni jambo la kufanya "akirudi".

Alirudi Desemba 2023 kwa wiki tatu. Siku ya nne tulikuwa kwenye ofisi ya msajili na vitambulisho, picha ndogo na barua ya chifu wa kwao. Tukarudishwa. Barua ya chifu ilikuwa na jina lake la Kiluo na jina la baba, jina la ubatizo halimo, na kitambulisho kina yote matatu. Tukapanda matatu hadi Seme kumtafuta chifu, tukamkuta kwenye mazishi, akatuandikia barua mpya chini ya mti, muhuri akautoa kwenye mfuko wa koti. Cheti tulikipata siku mbili kabla ya ofisi kufungwa kwa Krismasi. Kama tungechelewa kidogo, ingebidi anunue tikiti nyingine ya ndege kwa sababu ya karatasi moja.

Basi kama mwenzako bado hajaondoka, andikisheni ndoa sasa. Kama ameshaondoka na mlikuwa mnapanga kufunga ndoa kwa video, msifanye hivyo kwa ajili ya faili hii: tangu Juni 2015 Kanada haitambui ndoa ambayo mmoja wenu hakuwepo mwenyewe wakati wa kufungwa.

Jambo la pili kuhusu ndoa: fomu zote ziseme kitu kimoja. Alipoomba kibali cha masomo mwaka 2021, mke wangu aliandika kwamba ameolewa, ingawa rafiki zake walimwambia aandike hajaolewa ili asisumbuliwe. Namshukuru Mungu hakuwasikiliza. Ukisema hujaolewa kwenye fomu moja, halafu miaka mitatu baadaye ulete mume mliyeoana 2019, hilo linahesabiwa udanganyifu, na adhabu yake ni kufungiwa nje miaka mitano. Kama kosa hilo limeshafanyika, lielezeni kwa barua kabla hawajaliona wenyewe.

Pamoja na cheti, tuliweka ushahidi wa maisha ya pamoja: picha za siku ya ayie zenye wazazi wa pande zote mbili, tikiti yake ya Desemba 2023, na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha pesa alizonitumia karo ya mdogo wake na dawa za mama. Taarifa ya M-Pesa unaipata kwa simu yako na inakuja kwa barua pepe. Pigia mstari miamala inayohusika, usimwachie afisa kurasa arobaini za manunuzi ya unga na tokeni za stima.

Pointi zako wewe unayebaki

Watu wengi hawajui kwamba mume au mke ana pointi zake. Ni 40 kwa jumla: elimu 10, lugha 20, na kazi ya Kanada 10. Hiyo ya mwisho ukiwa Kisumu huna. Lakini 30 zinazobaki ziko mikononi mwako, na kwetu ndizo zilizofungua mlango.

Nitakupa hesabu yetu kama ilivyokuwa Januari 2025. Mke wangu alikuwa na miaka 31: pointi 90. Shahada ya uzamili 126. Kiingereza cha juu kabisa 128. Mwaka mmoja wa kazi Kanada 35. Mchanganyiko wa elimu, lugha na miaka mitatu aliyokuwa amefanya kazi kwenye sacco hapa Kisumu ulimpa 100, ambacho ndicho kikomo. Kusomea uzamili Kanada 30. Jumla 509. Mimi nikaongeza 8 za shahada ya kwanza na 20 za Kiingereza. Ikawa 537. Tarehe 5 Februari 2025 waliitwa watu wa kundi letu, na pointi za mwisho kuitwa zilikuwa 521. Bila karatasi zangu mbili tungebaki kwenye foleni tukihesabu siku za kibali chake, huku umri ukimla pointi tano kila mwaka.

Sasa kuna ushauri utakaoupata, nasi tuliupata: "Mwandike kwamba haandamani nawe, utahesabiwa kama mseja." Kwetu ingekuwa 540 badala ya 537. Kwa pointi tatu ningebaki nje ya ombi, halafu aanze upya kunidhamini. Kwa baadhi ya watu tofauti ni kubwa zaidi na wanaamua hivyo kihalali, siwalaumu. Lakini elewa mpaka ulipo. Kumwandika mume kwamba haandamani si sawa na kumficha. Mume, mke au mtoto ambaye hakutajwa, au aliyetajwa lakini hakupimwa afya alipotakiwa, kwa kawaida hawezi kudhaminiwa baadaye kama mwanafamilia. Mtoto uliyempata kabla ya ndoa naye ni hivyo hivyo, hata kama analelewa na shosho yake kijijini. Mtaje. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu hapa kwetu watoto wa nje ya ndoa hunyamaziwa, na kimya hicho kinaweza kumfungia mtoto mlango.

Mtihani wa Kiingereza. Ukichukua IELTS, iwe General Training. Ile ya kitaaluma haikubaliki kwa Express Entry. Nilidhani ualimu utanibeba. Mara ya kwanza, kule Nairobi, nilipata 8 kusikiliza, 7.5 kusoma, 7 kuzungumza na 6.5 kuandika. Ili upate pointi zote tano kwa kila ujuzi unahitaji 8 kusikiliza na 7 kwa zile nyingine. Kuandika kuliniangusha, na nilipoitazama karatasi yangu ya mazoezi nikaelewa. Kazi ya kwanza ni barua ya maneno 150: mwenye nyumba aambiwe paa linavuja. Barua yangu ilianza kumjulia hali, kumuulizia watoto, kumtakia baraka, ndipo paa likaingia aya ya pili. Hivyo ndivyo tunavyofundisha barua ya kirafiki, na mtu mzima wa huku akipokea barua isiyo na salamu anakwazika. Mtahini wa Kiingereza anataka sentensi ya kwanza iseme ninaandika kwa nini. Niliandika barua thelathini hivi jioni baada ya kusahihisha madaftari, kila moja ikianza na paa. Mara ya pili nikapata 7. Matokeo yanadumu miaka miwili, kwa hiyo usifanye mapema mno.

Tathmini ya shahada. Shahada ya Kenya haitoi pointi mpaka shirika lililoidhinishwa liseme inalingana na nini Kanada. Sisi tulitumia World Education Services. Unafungua akaunti, unalipa, kisha chuo chenyewe, si wewe, kinatuma transkripti moja kwa moja. Chuo changu kilikataa kutuma kwa sababu kwenye mfumo wao nilikuwa na deni la kitabu cha maktaba, kitabu nilichokirudisha mwaka niliohitimu. Nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya msajili tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa, nikaondoka na nambari ya kufuatilia bahasha. Hiyo nambari ndiyo ya kudai; "tumeshatuma" bila nambari si jibu. Ripoti inadumu miaka mitano, kwa hiyo hii ndiyo karatasi ya kuanza nayo hata kama safari bado ni ndoto.

Angalia pia majina. Cheti changu cha kidato cha nne kina herufi moja tofauti na kitambulisho. Nilimwendea wakili, nikala kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, nikaambatanisha. Karatasi hiyo ilifuata kila nakala niliyotuma.

Cheti cha tabia njema

Unaomba kupitia eCitizen, unalipa shilingi 1,050, unachapisha fomu ya vidole C24 pande mbili za karatasi moja, kisha unakwenda Huduma Centre. Ile fomu saiba nyingi huichapisha kwenye karatasi mbili. Hiyo itakurudisha nyumbani. Nawa mikono vizuri. Nilitoka darasani moja kwa moja, chaki ikiwa imejaa kwenye mistari ya vidole, na afisa alibingirisha kidole gumba changu kwenye wino akapata doa jeupe katikati. Alinielekeza kwenye bomba la maji, nikarudi, mistari ikatoka safi.

Tarehe ndiyo inayosumbua wengi. Kwa nchi unayoishi sasa, cheti kisizidi miezi sita siku ya kuwasilisha ombi. Kwa nchi uliyoishi zamani, miezi sita au zaidi mfululizo ndani ya miaka kumi, kinatosha kilichotolewa baada ya wewe kuihama. Ndiyo maana mke wangu alichukua chake cha Kenya ile Desemba alipokuwa nyumbani na kikatumika 2025, lakini changu nilingoja mpaka wasifu ulipoingia kwenye foleni.

Siku sitini

Mwaliko ulipokuja, tuligawana kazi. Yeye barua ya mwajiri yenye cheo, majukumu, saa kwa wiki na mshahara. Mimi pasipoti, vyeti na historia. Historia ya miaka kumi haitaki pengo. Kati ya kumaliza chuo na kuajiriwa nilikaa nyumbani miezi mitano nikimsaidia baba kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero. Nilitaka kuiruka kwa sababu haikuwa ajira. Usiruke. Niliandika kwamba sikuwa na ajira na nilikuwa nasaidia shamba la familia Ahero, mwezi wa kuanza na wa kumaliza. Kwa anwani, nyumba zetu za Migosi hazina nambari; niliandika mtaa, barabara na sanduku la posta, kwa mpangilio uleule kila fomu.

Mfumo unaweza kuwauliza uthibitisho wa fedha ingawa kundi la Canadian Experience Class halitakiwi kuonyesha akiba. Weka barua fupi inayosema mmealikwa chini ya kundi hilo. Barua yoyote ya Kiswahili au Kiluo itafsiriwe na mtafsiri anayekubalika, si wewe wala ndugu yako, hata kama unafundisha lugha hiyo.

Ada tulizolipa mapema 2025: dola za Kanada 950 za kushughulikia ombi na 575 za haki ya ukaazi kwa kila mtu mzima, yaani 3,050 kwa wawili, pamoja na 85 za alama za vidole na picha kwa mtu mmoja. Ni zaidi ya laki mbili na nusu za Kenya, kabla hujapanda basi la Nairobi. Ada hizo hupitiwa kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo zitazame kwenye tovuti ya serikali yao siku mnayolipa.

Vipimo vya afya vinafanywa na daktari aliyeidhinishwa na Kanada peke yake. Mimi nilikwenda Nairobi. Picha ya kifua, damu, mkojo, maswali ya kawaida. Sisi tuliagizwa baada ya kutuma ombi, lakini tangu 21 Agosti 2025 waombaji wa Express Entry wanatakiwa wawe wamepimwa kabla ya kutuma. Maana yake ni safari mbili za Nairobi: moja ya daktari ndani ya zile siku 60, nyingine ya vidole barua ya maagizo ikija, nayo inakupa siku 30. Niliondoka na basi la usiku, nikafika alfajiri, nikamaliza kabla ya saa sita mchana. Kula kabla ya kutolewa damu.

Kuhusu mawakala

Mtu mmoja mjini alitaka shilingi 180,000 "kusukuma" faili yetu. Hakuna anayesukuma foleni ya pointi. Wapo washauri halali, na wanaolipwa kwa kazi hii lazima wawe mawakili walioandikishwa Kanada au wawe wameandikishwa na College of Immigration and Citizenship Consultants, ambayo ina orodha yake ya wazi mtandaoni. Muulize jina kamili na nambari yake, mtafute hapo ukiwa umekaa mbele yake. Asipokuwemo, inuka uondoke. Nimemwona mama wa Nyalenda akiuza ng'ombe wawili kumlipa mtu ambaye hakuwahi hata kufungua wasifu, na mpaka leo nikimwona sokoni Kibuye nashindwa la kumwambia.

Kama kutengana kunawaelemea, tazameni pia kibali cha kazi cha mume au mke. Tangu 21 Januari 2025 masharti yamekazwa: kazi ya mwenzako iwe ya ngazi za juu au kwenye orodha maalumu, na kibali chake kiwe kimebakiza miezi 16. Sisi tungeweza, lakini mama yangu alikuwa anaumwa na sikutaka kumwacha.

Jibu lilikuja baada ya miezi minane. Mke wangu alithibitishiwa ukaazi akiwa kulekule Winnipeg, kupitia mtandao. Mimi nilituma pasipoti Nairobi ikarudi na viza. Itazame tarehe ya mwisho ya viza hiyo siku unayoipokea, kwa kuwa huenda na muda wa vipimo vya afya au wa pasipoti, na usipoingia kabla yake ombi limepotea. Anayeandamana hawezi kuingia kama mkaazi kabla ya mwombaji mkuu. Ukishaingia, unatakiwa uishi huko siku 730 katika kila miaka mitano.

Kabla ya safari andaa orodha mbili za mali: unayobeba na itakayofuata baadaye, kila kitu na thamani yake, utawapa forodha uwanja wa ndege. Kitakachofuata bila kuwa kwenye orodha kinaweza kutozwa ushuru. Yangu iko mezani sasa. Nimeandika vitabu, suti ya harusi, na mwiko wa mama. Muhula ukifungwa nakabidhi madaftari, halafu nakwenda Ahero kulala usiku mmoja kwa baba.